Masanduku ya kampeni ya Kennedy, 1960: uanzie wapi na uamini nini

Swali: Shikamoo Mwalimu. Niko Mwanza, ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu namna vyama vinavyompata mgombea urais. Msimamizi wangu ameniambia nitazame nyaraka za watu waliompigania John F. Kennedy apate uteuzi wa chama chake mwaka 1960. Nimefungua katalogi ya maktaba yake mtandaoni nikakuta majalada hayana mwisho. Nianzie wapi? Karatasi zilizoandikwa na watu waliokuwa wanatafuta ushindi zinaaminika kweli? Na hapa kwetu, nyaraka za aina hiyo nitazipata wapi?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nitaanza na swali lako la katikati, kwa sababu ukilipatia jibu, hilo la wapi pa kuanzia litakuwa jepesi.

Kila karatasi utakayoifungua, jiulize kwanza iliandikwa ili isomwe na nani. Kamati ya kampeni huandika mambo ya namna mbili. Kuna yale ya kutoka nje: hotuba, taarifa kwa magazeti, vipeperushi, barua za shukrani. Hayo yote yana kazi ya kushawishi, na huwezi kuyachukua kama ushahidi wa jambo lolote isipokuwa wa kile ambacho kamati ilitaka watu waamini. Na kuna yale ambayo kamati imejiandikia yenyewe: hesabu za wajumbe wa mkutano mkuu unaoteua mgombea, taarifa za wapita mikoani, matokeo ya utafiti wa maoni walioulipia, maelezo mafupi ya nani amekasirika na kwa nini. Hapo mwandishi hana faida ya kudanganya. Akimwambia bosi wake kwamba mjumbe fulani yuko upande wetu na kumbe hayupo, aibu itamkuta ukumbini siku ya kura. Kwa hiyo, kinyume na wengi wanavyodhani, tamaa ya kushinda ndiyo inayozifanya karatasi za ndani ziwe za kweli kuliko kumbukumbu nyingi ambazo wanasiasa huziandika uzeeni.

Mfano unaonipendeza ni wa West Virginia. Kennedy alikuwa Mkatoliki, na lile lilikuwa jimbo la Waprotestanti watupu, ukiacha wachache. Mtaalamu wake wa utafiti wa maoni, Louis Harris, alipopima mwishoni mwa 1959 alimkuta Kennedy akimshinda mpinzani wake ndani ya chama, Seneta Hubert Humphrey, kwa kiasi cha 70 kwa 30. Wiki chache kabla ya kura ya mchujo, ile ambayo wapiga kura wa jimbo humchagua wamtakaye awe mgombea wa chama, watu wakiwa wameshajua dini yake, vipimo vikageuka: Humphrey 60, Kennedy 40. Hizo ni habari mbaya sana kumpelekea mtu anayekulipa, lakini zilipelekwa, na kampeni nzima ikabadilishwa kwa ajili yake: Kennedy akaacha kulikwepa suala la dini, akalizungumza waziwazi mbele ya wapiga kura. Tarehe 10 Mei 1960 alipata karibu asilimia 61, na Humphrey akajitoa katika kinyang'anyiro usiku uleule. Ukisoma hotuba peke yake utaona ujasiri. Ukisoma na karatasi za ndani utaona pia hofu iliyouzaa, na tasnifu yako inahitaji vyote viwili.

Sasa, kabla hujagusa sanduku lolote, uelewe uteuzi wenyewe ulivyofanyika mwaka ule, maana usipouelewa utasoma barua mia na kushangaa kwa nini karibu zote zinakwenda kwa magavana na mameya na si kwa wananchi. Mkutano mkuu wa chama cha Democratic ulifanyika Los Angeles, Julai 1960. Kura zilikuwa 1,521, na aliyetaka uteuzi alihitaji 761. Lakini sehemu kubwa ya wajumbe haikutokana na kura za mchujo. Majimbo machache tu ndiyo yaliyofanya mchujo, na Kennedy alishindana katika saba: New Hampshire, Wisconsin, Indiana, Nebraska, West Virginia, Maryland na Oregon. Kwingineko wajumbe wengi walipatikana kwa vikao vya chama vya jimbo au walimfuata kigogo wa jimbo lao, na wajumbe hao walikuwa na wenyewe: David Lawrence kule Pennsylvania, Richard Daley kule Chicago, Pat Brown wa California, Mike DiSalle wa Ohio. Ushindi wa mchujo ulikuwa hoja ya kuwapelekea wakubwa hao, kuwaonyesha kwamba Mkatoliki kijana wa miaka 43 anaweza kuchaguliwa. Ndiyo maana Wisconsin haikutosha. Alishinda pale Aprili 5 kwa asilimia 56, lakini wilaya alizozichukua zilikuwa sita kati ya kumi, na ikasemwa kwamba ni Wakatoliki wenzake waliombeba. Ikabidi apate jimbo ambalo hakuna angeweza kusema hivyo.

Mambo yalibadilika baada ya vurugu za mkutano wa Chicago wa 1968, pale chama kilipounda tume ya kurekebisha taratibu, ikiongozwa kwanza na George McGovern. Kuanzia 1972 wajumbe wengi walitokana na wapiga kura, na nyaraka za kamati nazo zikabadilika sura: barua kwa vigogo zinapungua, orodha za wananchi wa kupigiwa simu na kutumiwa barua za kuomba michango zinajaa. Ukitaka sura ya kulinganisha ndani ya tasnifu yako, linganisha masanduku ya Kennedy na ya McGovern mwenyewe, aliyekuwa mgombea wa chama mwaka 1972, yaliyoko Chuo Kikuu cha Princeton. Tofauti ya utaratibu wa uteuzi utaiona hata kabla ya kusoma, kwa kutazama tu majina ya majalada.

Turudi 1960. Nimekuwa nikiiita kamati, na katalogi pia itakupa dhana kwamba kulikuwa na ofisi moja yenye masijala moja. Haikuwa hivyo. Stephen Smith, shemeji yake Kennedy, alifungua ofisi Washington mwaka 1959. Lawrence O'Brien na Kenneth O'Donnell walizunguka majimboni kuunda vikundi vya kazi. Theodore Sorensen alikuwa akiandika hotuba na kutunza mahusiano na watu aliokutana nao katika safari za miaka iliyotangulia. Robert Kennedy ndiye aliyekuwa meneja wa kampeni. Kila mmoja wao alikuwa na kabati lake, na kampeni ilipokwisha kila mmoja akaondoka na vya kwake. Leo vingi viko chini ya paa moja, kwenye Maktaba ya Kennedy kule Columbia Point, Boston, lakini vimehifadhiwa kwa jina la aliyevitunza. Ukifungua nyaraka za Kennedy za kabla ya urais, zenye fungu la kampeni ya 1960, umeona nusu ya mambo. Nusu nyingine iko katika nyaraka za Robert Kennedy za kabla hajawa mwanasheria mkuu, na kwa Sorensen. Wahifadhi wazuri hawachanganyi makabati ya watu hata kama mada ni moja, kwa kuwa kujua karatasi ilitoka kwenye meza ya nani ni sehemu ya ushahidi.

Pa kuanzia pako, basi, ni majalada yaliyopangwa kwa majimbo katika nyaraka za Robert Kennedy. Usiyasome yote. Chukua matatu. West Virginia, kwa sababu nilizokueleza. Ohio au Pennsylvania, uone namna kigogo mmoja anavyobembelezwa na kubanwa kwa wakati mmoja. Halafu Wyoming. Utauliza Wyoming ina nini, jimbo lenye kura 15 tu katika 1,521. Majimbo yaliitwa kwa mpangilio wa alfabeti, na Wyoming ni la mwisho. Lilipofikiwa, Kennedy alikuwa na kura 750. Alihitaji 11, akapewa zote 15. Edward Kennedy, mdogo wao, ambaye alikuwa amepewa majimbo ya magharibi ayahangaikie, alikuwa amesimama katikati ya wajumbe wale ukumbini. Hakuna aliyesafiri kwenda jimbo dogo la wafuga ng'ombe kwa bahati mbaya. Mpaka mwisho, kura zilizobaki zilipokwisha kuhesabiwa, Kennedy alipata 806, Lyndon Johnson 409, Stuart Symington 86, Adlai Stevenson 79 na nusu. Hiyo nusu isikushtue. Baadhi ya majimbo yalipeleka watu wengi kuliko kura walizopangiwa, kila mtu akashika nusu kura, ili watu wengi zaidi wa nyumbani wapate heshima ya kuhudhuria. Kwa hesabu za kamati jambo hili lilikuwa adha kubwa, na utaliona kwenye majedwali yao ya wajumbe.

Majedwali hayo yasome kwa tarehe. Jedwali moja halikuambii kitu. Weka la Machi, la Mei na la Julai meza moja, fuatisha jina la mjumbe mmoja, uone anavyohama kutoka shaka kwenda uhakika au anavyorudi nyuma, kisha utafute katika barua za wiki hiyo ni nini kilitokea. Je, alipigiwa simu? Gavana wake alitangaza msimamo? Kule Los Angeles makao ya kampeni yalikuwa hoteli ya Biltmore, chumba 8315, na kila kundi la wajumbe lilikuwa na mtu wake wa kulichunga, ambaye kazi yake ilikuwa kurudi na hesabu isiyopambwa. Robert Kennedy hakutaka matumaini. Alitaka majina.

Kuna mstari mmoja wa tarehe ambao lazima uuchore kwenye daftari lako: 13 Julai 1960, siku ya kura. Karatasi za kabla ya hapo ni za kutafuta uteuzi. Za baadaye ni za kumkabili Richard Nixon, mgombea wa chama cha Republican, nazo zina watu wapya: Johnson akiwa mgombea mwenza, Seneta Henry Jackson akiongoza kamati ya taifa ya chama, Byron White akisimamia kundi la wananchi wasio wa chama. Masanduku hayakuvunjika siku ile. Jalada lilelile la jimbo linaendelea hadi Novemba. Nimesoma tasnifu zinazotumia barua ya Septemba kueleza mbinu za Machi, na ni kosa ambalo mtahini makini hatalisamehe.

Sasa shika barua moja mkononi, ama uikuze kwenye skrini. Barua zilizotoka kwenye ofisi ya kampeni hazipo pale zenyewe. Zenyewe zilikwenda kwa wenyewe. Kilichobaki ni nakala ya kaboni kwenye karatasi nyepesi, haina kichwa cha ofisi na mara nyingi haina sahihi. Usiishie kwenye jina la Kennedy lililopigwa chapa chini. Tazama pembeni kushoto, mwisho kabisa: utakuta herufi kubwa mbili au tatu, kisha mkwaju au nukta mbili, kisha herufi ndogo. Herufi kubwa kwa kawaida ni za aliyetunga barua, ndogo ni za karani aliyeipiga. Ukiona TCS, hiyo ni Theodore Chaikin Sorensen. Kwa alama hiyo tu unaweza kuandika sura nzima ya nani hasa alikuwa akizungumza na magavana kwa jina la mgombea. Hata barua zilizofika zikiwa na sahihi ya wino hazithibitishi kwamba aliziona, kwa kuwa ofisi yake ilitumia mashine ya kuiga sahihi. Kisha geuza karatasi. Maelezo ya penseli nyuma au pembezoni, jina na alama ya vema, namba ya simu iliyokatwa, mara nyingi yana thamani kuliko aya tatu za mbele.

Na bahasha usiipuuze. Kule West Virginia jina la Franklin Roosevelt lilikuwa bado linaheshimiwa mno na familia za wachimba makaa, nayo kampeni ya Kennedy ikamleta mwanawe, Franklin Roosevelt wa pili, amwombee kura. Waliokuwemo walisimulia kwamba barua zenye sahihi ya huyo mwana zilisafirishwa kwanza mpaka Hyde Park, New York, nyumbani kwa marehemu rais, ili muhuri wa posta uonyeshe Hyde Park. Katika mkusanyo utakaobakiza barua na kutupa bahasha, habari hiyo yote inapotea.

Nimesifu karatasi za ndani, na sasa lazima nikuonyeshe zinaponyamaza. Zinanyamaza kwenye fedha. Katika kaunti nyingi za West Virginia makundi ya chama yalichapisha orodha za majina ya kuchaguliwa, kuanzia rais hadi karani wa kaunti, na mpiga kura aliingia kituoni akiwa na orodha yake mkononi. Mgombea aliyetaka jina lake liwe kwenye orodha alichangia gharama: uchapaji, magari ya kubeba wapiga kura, posho za watu wa siku ile. Kiasi gani kilitolewa, kwa nani, na kilipovuka mpaka kutoka gharama kuwa rushwa, mabishano yake hayajakwisha hadi leo. Usitegemee kukuta risiti. Sheria ya shirikisho ya 1925 kuhusu fedha za uchaguzi haikugusa kura za mchujo, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kupelekewa hesabu, na kisichodaiwa na mtu hakiandikwi. Ilichukua sheria ya 1971, marekebisho ya 1974 baada ya kashfa ya Watergate, na tume ya shirikisho ya uchaguzi iliyoanza kazi 1975, ndipo kila mtia nia akalazimika kutaja michango na matumizi. Anayetafiti kampeni za baada ya hapo ana taarifa za fedha za wazi mtandaoni. Wewe wa 1960 una tetesi, mahojiano na pengo. Liandike pengo hilo waziwazi katika tasnifu na ueleze sababu yake ya kisheria, usilizibe kwa simulizi tamu.

Dawa ya sehemu ya ukimya huo ni kuwasoma wapinzani. Hapa watafiti wengi huchoka, wakaishia kwa mshindi kwa kuwa mshindi ana maktaba yenye jina lake na picha nzuri. Humphrey alikuwa akizunguka West Virginia kwa basi huku mwenzake akiruka kwa Caroline, ndege ya familia, na malalamiko ya kambi yake kuhusu fedha yametunzwa katika nyaraka zake kwenye Jumuiya ya Kihistoria ya Minnesota, mjini St. Paul. Za Johnson ziko Austin, Texas. Za Stevenson ziko Princeton. Za Symington ziko Missouri. Kambi iliyoshindwa huwa na uchungu, na uchungu unatia chumvi, lakini pia huandika yale ambayo mshindi hana sababu ya kuyaweka kwenye karatasi. Chukua wiki moja, labda ile ya mwisho kabla ya Mei 10, usome alichoandika kila mmoja kuhusu kaunti zilezile. Ningekuwa msimamizi wako ningekubali tasnifu nzima ya wiki hiyo moja.

Kuna pia mahojiano. Baada ya Kennedy kuuawa Novemba 1963, maktaba iliyokuwa inaandaliwa kwa jina lake ilianza kurekodi waliomfahamu, na mwaka 1964 wafanyakazi wengi wa kampeni ya West Virginia walihojiwa. Yasome, yana mambo ambayo hakuna aliyeyaandika. Ila kumbuka walikuwa wanazungumza wakiwa bado kwenye msiba, na sisi tunajua jinsi marehemu anavyozungumzwa matanga yakiwa hayajaanuliwa. Weka kila dai la mahojiano kando ya karatasi ya mwaka 1960, na pale yanapogongana, karatasi ya siku ile itangulie.

Wewe uliyekulia Afrika Mashariki una sababu ya ziada ya kuchimba masanduku haya. Tangu 1959 Kennedy alikuwa mwenyekiti wa kamati ndogo ya Afrika katika Seneti. Tom Mboya alikuwa akitafuta nauli za vijana waliopata nafasi katika vyuo vya Marekani. Ndege ya kwanza, Septemba 1959, iliwachukua wanafunzi 81, kwa michango iliyohimizwa na watu kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Kwa safari ya 1960 fedha hazikuwepo. Serikali ya Marekani ilikataa kusaidia. Julai 26, chini ya wiki mbili tangu Kennedy apate uteuzi, Mboya alikwenda kumwona Hyannis Port, nyumbani kwa familia ya Kennedy, na wakfu wa familia ya Kennedy ukaahidi dola 100,000. Kambi ya Nixon ilipopata habari ikaihimiza Wizara ya Mambo ya Nje itoe kiasi hichohicho, na mwezi Agosti Seneta Hugh Scott wa Republican akasimama bungeni kumtuhumu Kennedy kwa kutumia fedha kuinyang'anya serikali mradi. Zaidi ya vijana mia mbili walisafiri, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar na nchi za kusini kwetu.

Unaona umuhimu wa mstari ule wa tarehe? Kwa miaka mingi imesimuliwa kwamba Barack Obama mkubwa alisomeshwa kwa fedha za Kennedy. Hata mwanawe aliwahi kulisema jambo hilo jukwaani kule Selma mwaka 2007, kabla waandishi hawajafuatilia. Obama mkubwa alifika Hawaii 1959. Fedha za Kennedy ziliahidiwa 1960. Barua mbili zenye tarehe zinatosha kulimaliza. Mboya naye alihojiwa na mradi wa maktaba ya Kennedy kabla hajauawa Julai 1969, na nyaraka zake binafsi zimehifadhiwa katika Taasisi ya Hoover, Chuo Kikuu cha Stanford. Ukizisoma pamoja na za Boston utaona mkutano uleule wa Hyannis Port kutoka pande mbili za meza, na kwa maoni yangu hapo ndipo mtafiti wa kwetu anaweza kusema jambo ambalo Mmarekani hajalisema.

Kuhusu kupata nyaraka: sehemu kubwa ya fungu la kampeni imepigwa picha na iko mtandaoni bure, kwa hiyo usianze kuhesabu nauli ya Boston. Lakini fahamu kwamba karatasi za kampeni nchini Marekani ni mali binafsi. Hata sheria ya 1978 iliyozifanya nyaraka za rais kuwa mali ya umma inazitoa zile zinazohusu kuchaguliwa kwake mwenyewe. Zinafika maktabani kwa hati ya zawadi, na mtoaji anaweza kuweka masharti, kwa mfano kufungwa kwa kile kinachoweza kumdhalilisha mtu aliye hai. Karatasi ikiondolewa, mahali pake huwekwa fomu inayotaja aina ya waraka, tarehe, wahusika na sababu ya kuondolewa. Fomu hiyo inukuu neno kwa neno. Inakuambia kuwa siku fulani fulani alimwandikia fulani, na wakati mwingine hilo tu ndilo ulilokuwa unalitafuta. Tena unaweza kuomba waraka uangaliwe upya, kwani sababu ya kufungwa mwaka 1975 huenda haipo leo. Waandikie wahifadhi barua pepe fupi, utaje mada, majimbo matatu na miezi unayoitaka. Ukiwauliza kuhusu Kennedy kwa jumla watakujibu kwa jumla.

Swali lako la mwisho, la hapa kwetu, ni gumu zaidi. Sheria yetu ya kumbukumbu na nyaraka ya 2002 inashughulika na nyaraka za umma. Kamati ya mtia nia si ofisi ya umma, na ikivunjika hakuna anayelazimika kukabidhi chochote kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Fikiria mwaka 2015, makada zaidi ya 40 walipojitokeza kuchukua fomu za kuwania uteuzi wa CCM. Kila mmoja alitakiwa kupata wadhamini 450 katika mikoa 15, mitatu kati yake ya Zanzibar. Hesabu hiyo ina maana maelfu ya majina, safari za barabarani, waratibu wa mikoa, mabishano ya nani atadhamini nani. Fomu zilirudi chamani. Daftari za waratibu je? Kwa kadiri ninavyowafahamu watu wa kazi hizo, ziko kwenye mifuko ya nailoni juu ya makabati, na nyingine zimo ndani ya simu zilizokwishabadilishwa mara mbili.

Mlango mmoja wa kisheria unao. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 haikuishia kwenye kampeni, inagusa pia mchakato wa uteuzi ndani ya vyama, na anayeisimamia ni Msajili wa Vyama vya Siasa. Kwa upande wa fedha, hapo umewazidi waliotafiti West Virginia ya 1960. Andika barua rasmi kupitia chuo chako, uombe kuona taarifa zilizowasilishwa, na ujibiwe kwa maandishi, iwe ni ndiyo au hapana, maana jibu la hapana nalo ni waraka wa tasnifu.

Mlango wa pili ni watu. Tafuta aliyekuwa mratibu wa mkoa wa mtia nia yeyote, hasa aliyeenguliwa mapema, kwa kuwa huyo hana cha kulinda. Usimwombe akupe siri. Mwombe akuonyeshe orodha ya wadhamini, ratiba ya safari na ujumbe wa makundi ya WhatsApp wa juma moja. Vipige picha palepale kwake, andika tarehe na jina la aliyevitunza, umrudishie vya kwake. Akikubali kuvikabidhi kwenye maktaba ya chuo, nenda na hati ya zawadi ya ukurasa mmoja inayosema nani avione na baada ya miaka mingapi. Mweleze kwamba masharti ni yake kuyapanga. Wengi wanaokataa hukataa kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia hivyo.